Kahawa na Mfuko wa Mkulima

Kabla ya mwaka 1954 Waafrika wengi katika Kenya walizuiwa kupanda kahawa, isipokuwa wachache wa Meru, Embu na Kisii walioanza katika miaka ya 1930, tena kwa miti ya kuhesabiwa. Mwaka huo Bwana Swynnerton wa Idara ya Kilimo alitoa mpango wa pauni milioni 5 wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Miche ikaenea, na vyama vya ushirika vikajenga viwanda vya kumenya kahawa kando ya mito. Karo zikalipwa, nyumba zikaezekwa mabati. Baridi kali ilipoiunguza mikahawa ya Brazil mwaka 1975, bei ikapanda kupita kiasi.

Lakini mwaka 1989 mapatano ya mataifa ya kugawana soko yalivunjika, bei ikaanguka. Katika miaka ya 1990 Serikali ililegeza mkono wake, na vyama vikubwa vikagawanyika, kila kiwanda kikitaka kujitawala. Kujitawala huko, kwa bahati mbaya, kulirithi madeni.

Yafaa kukumbuka kwamba kilo moja ya kahawa safi hutokana na kilo sita au saba za matunda mekundu. Fedha za mnada wa Nairobi zilikatwa kwanza gharama za kiwanda, za kukoboa, za dalali na riba ya mkopo. Kilichosalia ndicho kilichomfikia mwenye shamba, naye alikwisha kungoja miezi mingi. Wengi walipanda mahindi kati ya mikahawa yao, kwa kuwa sheria iliwakataza kuing'oa.