Kahawa ya AB na Hukumu ya Ulimi

Mnunuzi asimamaye dukani mjini Thika au Ruiru mbele ya pakiti mbili za kahawa, moja ikiwa na herufi AA na nyingine AB, na ile ya kwanza ikiwa ghali kuliko ya pili, aghalabu hudhani kwamba tafauti ya bei ni tafauti ya ladha. Na dhana hiyo imeenea hata pande za Kalimoni, ambako mibuni imekuwa jirani ya watu tangu zama za walowezi. Ilhali herufi zile hazikutokana na ulimi wa mtu yeyote, bali zimetokana na chekeche.

Buni ikishakobolewa kinuni hupitishwa juu ya mabati yenye matundu, na punje zisizopenya tundu la milimita 7.2 hivi huitwa AA; zilizo ndogo kidogo huitwa AB; punje ya mviringo iliyomea peke yake ndani ya tunda huitwa PB; nazo zile nyepesi zinazopeperushwa na upepo wa mashine huitwa TT. Ukubwa una faida yake, madhali punje zilizolingana hukaangika sawasawa. Lakini AA na AB za shamba moja na mchumo mmoja huweza kuwa zimetoka katika mti ule ule.

Hali kadhalika jina la mbegu. Kituo cha utafiti cha Ruiru kilipotoa mbegu ya Ruiru 11 mwaka 1985, ili kumpunguzia mkulima gharama za dawa za chulebuni, maradhi yaliyokwisha kuonekana nchini tangu 1922, wapo wafanyabiashara walioidharau kwa kuilinganisha na SL28, iliyoteuliwa Kabete katika miaka ya 1930. Lakini Ruiru 11 iliyochumwa ikiwa nyekundu, ikavundikwa na kuoshwa kwa uangalifu, huishinda SL28 iliyochumwa mbichi.

Basi hukumu hutolewaje? Mwonjaji wa kazi hupima gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa kila mililita 150 za maji ya nyuzi 93 hivi, naye huandaa vikombe vitano vya kahawa ile ile, kwa sababu punje moja iliyooza yaweza kuharibu kikombe kimoja na kuviacha vinne salama. Huinusa ikiwa kavu, huimwagia maji, huiacha dakika 4, kisha huusukuma utando wa juu kwa mgongo wa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa na kikombe, kwani harufu iliyofungika chini yake hutoka mara moja na haingoji. Akishaondoa povu, husubiri ipoe, ndipo huivuta kwa kelele bila ya haya, ili itapakae ulimini na mvuke wake upande puani, halafu huitema. Hutafuta utamu, uzito kinywani, ladha inayosalia, na ule uchachu mchangamfu wa matunda ambao ndio sifa ya kahawa ya Kenya. Na kila inapozidi kupoa huionja tena, maana joto huficha aibu, na kahawa mbovu ikiwa vuguvugu hutoa ladha ya gunia, ya udongo, au ya kitu kilichochacha kupita kiasi.

Haya yote yawezekana nyumbani kwa mizani ndogo, birika na vikombe viwili, sharti mtu mwingine avigeuze vikombe usijue kipi ni kipi. Vikilingana, nunua AB yenye tarehe ya karibuni ya kukaangwa, uisage siku ya kuinywa. Kwani AA iliyokaa rafuni miezi mingi ni kahawa chakavu, na bei yake haiirudishii harufu iliyopotea.