Mtoto hasomi, lakini si mvivu: jinsi mchanga na makofi vinavyosaidia darasani

Msikilizaji wetu, huenda unaye mtoto kama huyu nyumbani. Ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili. Mbuzi wa babake anawajua mmoja mmoja. Lakini yuko darasa la tatu, na akipewa kitabu anachanganya b na d, anaruka silabi, au anakisia neno kwa kuangalia picha. Shuleni anaitwa mzito, nyumbani anaitwa mvivu. Mwisho anaacha shule akachunge.

Baadhi ya watoto hawa wana disleksia. Ubongo wao hupata shida kuunganisha herufi na sauti yake. Si upungufu wa akili, na mara nyingi hurithiwa: ukiuliza, huenda shangazi au babu alipata taabu hiyo hiyo.

Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, hivyo mtoto huyu anaweza hatimaye kuzijua ba, be, bi, bo, bu. Shida hubaki kwenye kasi na maneno marefu. Akisoma "wanakimbilia", akifika mwisho amesahau mwanzo.

Kinachosaidia ni kujifunza kwa macho, masikio, mdomo na mikono kwa pamoja. Njia hii ilienea kutoka Marekani tangu miaka ya 1930, kwa kazi ya daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham. Haihitaji vifaa vya gharama.

Mwalimu anaonyesha herufi. Watoto wanatamka sauti yake huku wakiichora kwa kidole mchangani. Kisha wanapiga makofi kwa kila silabi: ka-ra-nga, makofi matatu. Halafu wanapanga vizibo vya soda vilivyoandikwa silabi. Toa "nga", weka "ta": imekuwa karata.

Darasa zima linafanya hivyo kwa vikundi, kwa hiyo hakuna anayetengwa wala kuchekwa. Ila tuseme wazi: mchanga peke yake haufundishi. Lazima sauti na herufi zifundishwe pamoja, kwa mpangilio, na kurudiwa kila siku.

Kabla ya kusema mtoto ana disleksia, apimwe macho na masikio. Sehemu za mkoa wetu, kama Kongwa, zimesumbuliwa sana na vikope. Pia, mtoto aliyekulia kwenye Kigogo, Kirangi au Kisandawe anahitaji muda kukizoea Kiswahili. Huo si ugonjwa.

Mzazi, usingoje upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Nenda kwa mwalimu wake mapema, mwombe mwalimu mkuu awasiliane na afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yenu. Nyumbani, dakika kumi uani kila jioni, kwa kidole na mchanga, zinatosha kuanzia. Fimbo haijawahi kumfundisha mtoto herufi.