Betri ya Kayaki Hufia Kwenye Buti la Gari

Joto la Dubai likishapungua, kuanzia Novemba hadi Machi, mwambao wa Jumeirah huamka mapema. Baada ya sala ya alfajiri utawaona vijana, na wazee wenye nguvu zao pia, wakishusha kayaki kutoka juu ya magari, wanakwenda kutafuta chewa, ambaye hapa tunamwita hamour, pamoja na changu na nguru. Zamani mshipi na chambo vilitosha. Siku hizi kayaki ina mashine ya kuonyesha samaki na kina cha maji, ina GPS, ina taa, na wengine huchaji simu humo humo. Vyote hivyo vinakula kwenye betri moja ndogo ya volti 12, ambayo wengi wetu hatuikumbuki mpaka siku inapozimika.

Ikizimika karibu na ufukwe, umekosa samaki tu. Ikizimika mbali kidogo, mambo hubadilika. Asubuhi za baridi upepo wa nchi kavu husukuma chombo kuelekea baharini, na kuna siku ukungu hufunga kabisa, hata Burj Al Arab huioni. Hapo GPS ndiyo inayokuonyesha nyumbani ni upande gani.

Watu hulaumu maji ya chumvi. Chumvi ina madhara yake, na tutayafikia. Lakini hapa kwetu adui mkubwa ni joto, na betri hulipata joto hilo ikiwa imekaa tu bila kazi: kwenye buti la gari, kwenye balkoni, au kwenye stoo isiyo na AC.

Ijue betri yako kwanza

Betri za kayaki ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya risasi na asidi iliyofungwa, ndugu yake betri ya gari, ambayo asili yake ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté ya mwaka 1859. Ni rahisi kwa bei, lakini nzito: ile iliyoandikwa 7Ah ina uzito wa zaidi ya kilo 2. Ya pili ni lithiamu, na kwa kayaki inayofaa zaidi ni ile iliyoandikwa LiFePO4 kwenye lebo. Ina uzito wa karibu nusu ya hiyo, inavumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi, na haishiki moto kwa urahisi kama lithiamu za aina nyingine.

Sasa hebu tupige hesabu. Tuseme mashine yako inakula ampea 0.6. Betri ya 7Ah, kwenye karatasi, itakupa saa 11 na ushei. Lakini ya risasi haitakiwi kumalizwa. Ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Basi saa zako za kweli hazifiki 6. LiFePO4 unaweza kutumia asilimia 80 bila wasiwasi, yaani saa 9 hivi. Ukiongeza taa na simu, saa zinapungua. Soma kwenye kitabu cha mashine inakula ampea ngapi, kisha piga hesabu mwenyewe kabla hujanunua.

Mashine nyingi huonyesha volti kwenye skrini. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7; ikifika 12.1 iko nusu, anza kurudi. LiFePO4 ina hila: hukaa kwenye 13 na kidogo karibu safari nzima, halafu huanguka ghafla. Ukiona 12.8, usijipe moyo, inakaribia kuisha.

Joto linavyokula umri

Kwa betri ya risasi kuna kanuni ambayo mafundi wanaijua: kila nyuzi 10 za joto juu ya 25, umri wake hukatika nusu. Betri ya kukaa miaka minne, ukiiweka kwenye nyuzi 45 muda wote, itakaa mwaka mmoja. Mwezi wa Agosti hapa nje panapita nyuzi 40, na ndani ya gari lililofungwa juani panapita 60. Lithiamu nayo huzeeka upesi kwenye joto, hasa ikiwa imejaa chaji.

Kwa hiyo ukirudi kutoka baharini, betri ipande nyumbani pamoja na samaki. Iweke kwenye kabati la chumba chenye ubaridi, mbali na dirisha na mbali na mikono ya watoto. Hata ukiwa majini usiiache juani juu ya kayaki. Iweke chini, kivulini, ndani ya boksi lisiloingiza maji.

Kuchaji

Kila aina na chaja yake. Usichukue chaja ya betri ya gari ukaichajia lithiamu kwa kuwa tu zote zinaitwa volti 12. Chaja ya LiFePO4 hupandisha mpaka volti 14.6 kisha hukata, wakati baadhi ya chaja za risasi hupiga umeme mkali wa kusafisha betri, ambao unaweza kuidhuru lithiamu.

Betri iliyotoka juani iache ipoe kwanza. Watengenezaji wengi wa lithiamu hawaruhusu kuchaji juu ya nyuzi 45. Chaji ukiwa macho, juu ya sakafu ya vigae, si juu ya kitanda au zulia, na si kwenye mlango wa kutokea wa fleti. Ukiona betri imevimba, inanuka au inachemka, usiichaji tena. Ikishika moto toa watu nje, funga mlango, piga 997.

Maji ya chumvi na nyaya

Weka fyuzi kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri. Mashine nyingi ndogo hutaka fyuzi ya ampea 3, lakini fuata kitabu chako. Bila fyuzi, waya ukipiga shoti ndani ya kayaki ya plastiki, hapatakuwa na cha kuuzuia usiwake.

Ukifika nyumbani futa vichwa vya betri na viungio vya nyaya kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, vikauke, kisha paka grisi kidogo. Ukiona ukungu wa kijani kwenye shaba, chumvi imeshaingia. Kata kipande hicho uunge upya. Betri ya lithiamu iliyozama ikaingia maji ya bahari usijaribu kuichaji, hata kama inaonekana nzima. Wala usiitupe kwenye pipa la nyumbani. Ipeleke kwenye kituo kinachopokea betri kuukuu.

Ukitaka kumpelekea jamaa Unguja au Mombasa

Wengi wetu tukienda nyumbani hubeba vifaa kama hivi vya kuwapa jamaa. Betri ya akiba ya lithiamu haiingii kwenye sanduku la mizigo. Inabebwa mkononi, vichwa vimefunikwa kwa plasta ya umeme. Zidisha volti kwa Ah upate wati-saa. LiFePO4 ya volti 12.8 na 7Ah ni karibu 90, inapita, maana mpaka wa kawaida ni 100. Ya 12Ah ni karibu 154, nayo inahitaji idhini ya shirika la ndege kabla ya safari. Ikizidi 160 haipandi na abiria. Mashirika mengine yana masharti zaidi, basi uliza kabla ya kufunga mizigo.

Kabla ya msimu wa joto

Mwezi wa Mei, kayaki ikipumzishwa, betri ya risasi ichaji ijae, na uirudie kila baada ya miezi miwili au mitatu, kwani hujimaliza yenyewe polepole. Lithiamu iache nusu, itoe waya zote, iweke chumbani. Oktoba ijaribu nyumbani kwa saa kadhaa kabla ya kuipeleka majini.

Na hata betri ikiwa mpya, usitegemee hiyo moja kwa kila kitu. Simu iwe na chaji yake ndani ya mfuko usioingiza maji, na namba 996 ya walinzi wa pwani iwe imeshaandikwa humo. Chukua pia tochi nyeupe yenye betri yake. Sheria za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana zinataka chombo cha makasia kiwe nayo tayari giza linapoingia. Mwambie mtu nyumbani unatokea ufukwe gani na utarudi saa ngapi.