Ada ni Shilingi 60,000, Gharama ni Zaidi: Hesabu ya Mwanafunzi Anayeelekezwa kwenye Ujenzi

Januari 2025, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, watahiniwa wa shule walikuwa 516,695. Waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa 221,953. Juni mwaka huohuo Serikali ikawapangia nafasi vijana takriban 214,000: kama 150,000 kidato cha tano, waliosalia vyuo vya kati. Ukiwatoa hao, unabaki na zaidi ya 300,000. Baadhi yao wataingia shule na vyuo binafsi, wengine watarudia mtihani. Wanaobaki baada ya hapo ndio ambao mwalimu, akikutana nao mtaani, huwaambia waende VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi, wakasomee ujenzi.

Ushauri huo ni mzuri, ila umechelewa mwaka mzima. Mafunzo ya muda mrefu katika vyuo vya VETA huanza Januari, na maombi hupokelewa nusu ya pili ya mwaka unaotangulia, mtahiniwa akiwa bado darasani anajiandaa na mtihani wa Novemba. Anayesubiri matokeo ndipo aamue, atakuta wenzake wameshashika mwiko. Kuna na ubaya mwingine: ufundi ukitajwa baada ya matokeo tu, kijana anausikia kama adhabu ya daraja la nne. Mwalimu anayetaka kuwafaa wanafunzi wake aanze nao kidato cha tatu, na aanze na hesabu, maana mzazi atauliza fedha kabla ya kuuliza kingine chochote.

Ada yenyewe haitishi. Katika vyuo vya umma vya VETA ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ukichukua mwaka wa masomo wenye siku 200, ada ya kutwa ni shilingi 300 kwa siku. Sasa weka nauli. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipangwa kuwa shilingi 600. Kwenda na kurudi ni 1,200, na kwa siku 200 ni 240,000, yaani mara nne ya ada. Anayepanda magari mawili kila upande anafika 480,000. Ndiyo maana naona familia nyingi zinapiga hesabu kichwa chini miguu juu. Zinachagua kutwa kwa sababu ada yake ni nusu, kumbe ada na nauli kwa pamoja zinafika 300,000, wakati bweni ni 120,000. Bila shaka kuna michango na vifaa vinavyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, na nafasi za bweni hazitoshi wote. Lakini mwalimu aliyeisoma fomu hiyo pamoja na mzazi, mstari kwa mstari, amemsaidia kuliko aliyemwambia tu kwamba VETA ni rahisi.

Gharama kubwa kuliko zote haiandikwi kwenye fomu. Ni ujira ambao kijana anaukosa akiwa darasani. Tufanye mfano, na namba hizi kila mwalimu azibadilishe kwa bei za mji wake. Wa Njombe aweke za Njombe. Tuseme saidia fundi analipwa 15,000 kwa siku na anapata kazi siku 120 kwa mwaka, kwa kuwa saiti hazipo kila wiki. Akienda chuo mwaka mmoja anaacha 1,800,000. Ongeza ada 60,000, nauli 240,000, na zana za kuanzia (mwiko, timazi, pima maji, uzi, futi) tuseme 200,000. Jumla ni 2,300,000. Ada imekuwa chini ya asilimia 3 ya gharama yote.

Je, fedha hiyo inarudi? Tuseme fundi analipwa 30,000 kwa siku. Tofauti yake na saidia fundi ni 15,000, kwa hiyo siku 154 za kazi zinarudisha kila kitu. Kwa siku 120 za kazi kwa mwaka, hiyo ni kama miezi 15. Baada ya hapo tofauti yote ni yake. Hata hivyo, kwa nyumba isiyo na akiba, mwaka mmoja bila ule ujira ndio ukuta wenyewe, na mwanafunzi akiacha chuo mwezi wa nne, tusiseme amekosa bidii kabla hatujauliza nyumbani walikula nini.

Tukifika kwenye ukubwa wa soko, walimu wengi hutaja upungufu wa nyumba. Makadirio yanayotajwa mara kwa mara na Serikali ni kwamba nchi ina upungufu wa nyumba milioni 3 na inahitaji nyingine 200,000 kila mwaka. Sensa ya 2022 ilihesabu majengo 14,348,372 kwa watu 61,741,120. Mtu akisikia hivyo anaona kazi ya uashi haitaisha, na ni kweli haitaisha. Lakini inahitaji waashi wangapi?

Nyumba ndogo ya vyumba vitatu, pamoja na msingi, inaweza kula tofali 2,200 za inchi 6, kwa makadirio ya tofali kama 10 kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Fundi mmoja mwenye msaidizi akijenga tofali 100 kwa siku, ni siku 22. Zidisha kwa nyumba 200,000: siku milioni 4.4. Gawa kwa siku 250 za kazi kwa mwaka unapata waashi 17,600. Hata wakifanya kazi siku 120 tu, hawafiki 37,000. Na fundi akidumu kazini miaka 30, wanaohitajika kuziba pengo la wanaostaafu ni kama 1,200 kwa mwaka. Hesabu hii ni ya kujenga kuta pekee. Lipu, paa, zege, marumaru, barabara na madaraja havimo, wala maghala na shule. Lakini inatosha kutuonya. Tukiwasukuma makumi ya maelfu ya vijana kwenye uashi kwa sababu ndiyo fani inayojulikana, tutashusha ujira wa fundi na ile miezi 15 itakuwa miaka mingi. Mikono ya kupanga tofali ipo. Wengi wamejifunzia kazi saiti, na VETA ina utaratibu wa kutathmini na kurasimisha ujuzi wao.

Wanaotafutwa ni wachache: anayesoma ramani bila kuelekezwa, anayefunga nondo kwa vipimo vya mhandisi, fundi bomba ambaye mabomba yake hayavuji ndani ya ukuta, fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Fundi umeme namtaja makusudi, kwa kuwa sheria imemwekea mlango ambao fundi wa mtaani asiye na cheti hawezi kuupita, na hapo cheti kinageuka kuwa fedha.

Na hapa mwalimu wa hisabati ana neno kuliko mwalimu wa ushauri nasaha. Katika mtihani wa 2024 aliyefaulu hisabati alikuwa takriban mmoja kati ya wanne. Kona ya msingi inapimwa kwa kamba ya mita 3, 4 na 5, yaani kanuni ya Pythagoras ya kidato cha pili. Zege la 1:2:4 ni uwiano. Mteremko wa bomba la maji machafu ni uwiano vilevile. Mwanafunzi aliyeambiwa aende ufundi kwa sababu hesabu zimemshinda amepewa ushauri mbaya sana, kwa sababu atakutana nazo saiti, na kosa lake litakuwa ndani ya zege.

Muda wa kazi hii nao unahesabika. Shule yenye wanafunzi 180 wa kidato cha tatu, kila mmoja akipewa nusu saa pamoja na mzazi wake, inahitaji saa 90. Katika wiki 36 ni saa mbili na nusu kwa wiki. Zikiachiwa mwalimu mmoja mwenye vipindi kamili hazifanyiki. Zikigawanywa kwa walimu watano, kila mmoja ana nusu saa.

Mtaala mpya umeisogeza kazi hii nyuma zaidi. Wanafunzi wa kwanza wa mkondo wa amali, yaani wa ufundi, waliingia kidato cha kwanza 2024 na watamaliza 2027. Kwao, uamuzi wa fani ulifanywa wakiwa wametoka tu darasa la saba, kwa hiyo hesabu ya nauli, zana na soko inapaswa kumfikia mzazi akiwa bado anakuja kwenye vikao vya shule ya msingi.