Gari linachemsha ukipanda Mgeta? Usikimbilie kutoa themostati

Mjini Morogoro gari liko fresh kabisa. Linatoka Msamvu, linaacha lami ya Iringa pale Sangasanga, linapita Mzumbe na Mlali bila shida. Likianza kupanda Milima ya Uluguru kwenda Mgeta, mshale wa joto nao unapanda.

Gereji, ushauri unaosikika sana ni kutoa themostati, kwa madai kwamba kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Ushauri huo unaweza kukugharimu injini, kwa sababu unaacha ugonjwa wenyewe bila kutibiwa.

Kwa nini mlimani?

Morogoro mjini iko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Vijiji vingi vya Mgeta viko zaidi ya mita 1,000. Gari lenye mzigo linapanda kwa gia namba moja na mbili: injini inafanya kazi kubwa, lakini mwendo ni mdogo, hivyo upepo unaoingia kwenye rejeta ni kidogo. Kasoro iliyojificha mjini inajitokeza hapo.

Halafu, kila ukipanda mita 300 hivi, maji yanachemka kwa joto la chini kwa karibu nyuzi 1. Kinachosaidia ni mfuniko wa rejeta, unaobana presha ili maji yavuke nyuzi 100 bila kuchemka. Springi yake ikilegea au mpira wake ukichanika, gari litachemsha hata kama vingine vyote ni vizima.

Linachemsha wakati gani?

Hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya kugusa spana.

• Kwenye foleni linachemsha, likitembea linapoa: angalia feni. Kwa magari kama IST, Vitz na Passo, feni ni ya umeme. Washa AC. Feni isipozunguka, kagua fyuzi, rilei, nyaya na mota yake.

• Tambarare poa, mlimani linachemsha: shuku rejeta iliyoziba, maji pungufu, mkanda uliolegea au pampu ya maji iliyochoka.

• Injini ni ya moto sana lakini mpira wa chini wa rejeta ni wa baridi: huenda themostati imekwama ikiwa imefunga.

• Maji yanapungua na huoni yanapovujia, moshi mweupe hauishi, au oili imekuwa kama chai ya maziwa: huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo usiendelee kuendesha, livutwe.

Themostati inafanya nini?

Ni mlango mdogo. Injini ikiwa baridi unafunga ili ipate joto haraka. Joto likifika, kwa magari mengi nyuzi 80 na kitu, unafunguka na maji yanakwenda kwenye rejeta.

Ukiutoa, injini inachelewa kupata joto, hasa asubuhi za baridi kule juu. Kompyuta ya gari inadhani injini bado baridi, inaongeza mafuta. Unalipa zaidi sheli, na rejeta iliyoziba bado imeziba.

Ikiwa imekufa kweli, weka mpya. Kuipima ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto sana. Nzima itafunguka, ikipoa itafunga.

Likichemsha njiani

1. Zima AC, washa hita mpaka mwisho. Utapata joto, lakini inasaidia kupunguza joto la injini hadi upate pa kusimama.

2. Paki pembeni, vuta hendibreki, weka jiwe nyuma ya tairi na pembetatu ya tahadhari barabarani. Zima injini. Ukiondoka, liondoe jiwe.

3. Usifungue mfuniko wa rejeta. Maji yaliyobanwa yanaruka na kuunguza uso na mikono. Subiri angalau nusu saa, kisha hakikisha rejeta imepoa kabla ya kufungua kwa kitambaa.

4. Ongeza maji taratibu. Maji ya baridi ya ghafla kwenye injini ya moto yanaweza kupasua silinda hedi.

Maji ya mto yatakuvusha kwenye dharura, ila yana tope na madini yanayoziba rejeta. Ukirudi mjini, safisha mfumo na ujaze kulanti.

Taa badala ya mshale

Baadhi ya Vitz na Passo hazina mshale wa joto, zina taa tu: buluu injini ikiwa baridi, nyekundu joto likizidi. Ukiona nyekundu, simama mara tu unapopata mahali salama. Kusema "nitafika tu" ndiko kunakogeuza tatizo la mfuniko au fyuzi kuwa la kufungua injini nzima.