Utani Uliopanda na Utani Uliomwangukia Jirani

Video za Redykyulass, kundi la vichekesho la Kenya, zimerudi kwenye simu zetu, na anayezisambaza hakosi kuongeza neno: zamani watu walijua kutaniwa, siku hizi kila mtu ana machungu. Mpwa wangu, aliyezaliwa Moi akijiandaa kuondoka Ikulu, alinitumia moja akisema, "Mjomba, nyinyi mlikuwa huru kuliko sisi."

Huru? Mwishoni mwa miaka ya 1990, Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, vijana wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliounda Redykyulass, walianza kumwigiza Rais Moi akiwa bado madarakani. Mong'are, yaani Nyambane, alimnasa mzee barabara: sauti ya kukwaruza, rungu mkononi. Hizo ndizo enzi ambazo waziri alijua amefutwa kazi aliposikiliza taarifa ya saa saba redioni. Pale kwetu baba alicheka hadi machozi, huku akimwambia dada apunguze sauti, wapangaji wenzetu wasisikie.

Utani wa namna hiyo ulipanda, ukamfuata mwenye rungu. Lakini vichekesho vya enzi hizo vilikuwa na utani mwingine, uliomwangukia jirani: Mkikuyu na pesa, Mluhya na sahani ya ugali, Mjaluo na maringo, lafudhi ya kila mmoja ikivutwa mpaka ikatike. Tuliucheka vilevile, tena bila kupunguza sauti.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu elfu moja waliuawa, wengine kwa sababu ya kabila tu. Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria iliyounda tume ya utangamano wa kitaifa. Anayeshtuka leo akisikia mzaha wa lafudhi hajakosa ucheshi, anakumbuka ulikotufikisha.

Utani wa kupanda haujachakaa, ila umebadili mikono. Nyambane alikuwa na kituo cha televisheni nyuma yake. Hata vikaragosi vya kipindi cha XYZ, kazi ya mchora katuni Gado, vilivyoanza kuonyeshwa kwenye runinga ya Citizen mwaka 2009, vilikuwa na kundi zima nyuma yao. Leo kijana anaunda picha ya Rais kwa akili unde akiwa chumbani kwake, na balaa likija linampata peke yake. Desemba 2024 vijana kadhaa waliokuwa wakimkejeli Rais mitandaoni walitekwa; baadhi yao waliachiliwa Januari 2025.

Kiarie naye sasa ni mbunge wa Dagoretti Kusini. Juni 2024, mjadala wa Mswada wa Fedha ulipopamba moto, alidai bungeni kwamba baadhi ya picha za maandamano ya kuupinga zilikuwa zimechezewa. Ameshika rungu, basi na aigizwe. Vijana wakimcheka kwa anayoyasema bungeni, wanafanya kazi aliyowafunza yeye mwenyewe. Wakimcheka kwa kabila lake, watakuwa wamerithi ile nusu tuliyopaswa kuitupa.