MLINZI WA KATIKATI YA UWANJA: SAFARI YA VICTOR WANYAMA UGHAIBUNI

Askari aliyewahi kupangwa zamu ya usiku anaijua kazi hii. Kambi yote imelala, naye amesimama langoni na bunduki yake, akisikiliza na kutazama giza. Kukipambazuka salama, hakuna anayekuja kumshukuru, kwa kuwa hakuna lililotokea. Hakuna akumbukaye kwamba salama hiyo ililindwa na mtu.

Katika mchezo wa kandanda pia yuko mchezaji wa namna hiyo. Ni yule kiungo asimamaye mbele ya mabeki wake, ambaye kazi yake ni kuukata mpira wa adui kabla haujafika langoni, kisha kuwapa wenzake mpira huo kwa utulivu. Watazamaji huliimba jina la mfungaji mabao. Jina la kiungo hulitaja siku ile anapokosekana na lango likawa wazi.

Jirani zetu wa Kenya walimtoa mchezaji mmoja wa aina hiyo aliyefika mbali kuliko wengi wa Afrika Mashariki. Jina lake ni Victor Mugubi Wanyama. Tumeona inafaa safari yake isimuliwe katika ukurasa huu, kwa kuwa ndani yake kuna mambo ambayo mtu wa zamu na nidhamu atayatambua mara moja.

MTOTO WA MUTHURWA

Wanyama alizaliwa mjini Nairobi tarehe 25 Juni 1991, akakulia Muthurwa, mtaa wa nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Baba yake, Mzee Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards, klabu ambayo wapenzi wa soka wa Uganda wanaifahamu vema. Hivyo mpira katika nyumba ile ulikuwa urithi.

Kaka yake, McDonald Mariga, naye kiungo, ndiye aliyetangulia kufungua njia. Mariga alikwenda Sweden kuchezea Helsingborg, kisha Parma ya Italia. Januari 2010 Manchester City ya Uingereza ilitaka kumnunua. Bei ilikwisha kuzungumzwa, lakini kibali cha kazi kikanyimwa. Sheria ya Uingereza wakati huo ilidai kwamba mchezaji wa kigeni atoke katika nchi iliyo miongoni mwa 70 za kwanza katika orodha ya FIFA, na Kenya haikuwamo. Kijana aliadhibiwa kwa udhaifu ambao si wake peke yake. Hata hivyo mlango mmoja ulipofungwa, mwingine ulifunguka: Inter Milan ikamchukua, na Mei mwaka huo huo Inter ikatwaa ubingwa wa klabu za Ulaya.

Mdogo mtu aliyaona yote hayo. Alimfuata kaka yake Sweden akiwa kijana mdogo, akarejea Kenya, kisha mwaka 2008 akaenda Ubelgiji kuichezea Beerschot ya mjini Antwerp. Huko, mbali na kelele za magazeti makubwa, alikaa miaka mitatu akijifunza kazi.

USIKU WA GLASGOW

Mwaka 2011 Celtic ya Uskoti ilimsajili. Alichagua kuvaa fulana namba 67, kwa heshima ya kikosi cha Celtic kilichotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1967. Tendo hilo dogo liliwapendeza wenyeji mno. Mgeni aliyeingia nyumbani mwa watu alianza kwa kuwaheshimu wazee wa nyumba.

Tarehe 7 Novemba 2012 Barcelona ilifika Glasgow ikiwa na Messi, Xavi na Iniesta. Karibu muda wote mpira ulikuwa miguuni mwa wageni, na Celtic walikuwa kama kikosi kilichozingirwa. Dakika ya 21 ikapigwa kona. Wanyama akaruka juu ya walinzi na kuupiga mpira kwa kichwa hadi wavuni. Dakika ya 83 kijana wa miaka 18, Tony Watt, akaongeza bao la pili. Messi alirudisha moja katika dakika za nyongeza, lakini mchezo ukaisha Celtic 2, Barcelona 1. Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kufunga bao katika Ligi ya Mabingwa ya Ulaya.

Julai 2013 Southampton ilimnunua kwa pauni milioni 12 na nusu, bei ambayo hakuna klabu ya Uskoti iliyokuwa imewahi kulipwa kabla yake. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, ile iliyomfungia kaka yake mlango.

NGUVU NA KIASI

Si vema kumsifu mtu tukaficha kasoro yake. Katika msimu wa 2015-2016 Wanyama alitolewa uwanjani kwa kadi nyekundu zaidi ya mara moja. Nguvu alikuwa nazo, lakini kila alipoitumia kupita kiasi wenzake walibaki kumi, na yeye akaketi nje akiwatazama wakiteseka. Askari polisi aliyefundishwa kutumia nguvu kadiri ya haja tu hataona ugumu wa kulielewa jambo hili.

Mwaka 2016 alihamia Tottenham ya London, chini ya Mauricio Pochettino aliyekuwa kocha wake Southampton. Msimu uliofuata ulikuwa kilele chake. Alicheza michezo 36 kati ya 38 ya ligi, na Tottenham ikamaliza ya pili kwa pointi 86. Tarehe 14 Mei 2017 ilichezwa mechi ya mwisho katika uwanja wao mkongwe wa White Hart Lane kabla haujabomolewa. Bao la kwanza dhidi ya Manchester United siku ile lilifungwa kwa kichwa cha kijana wa Muthurwa.

JERAHA NA BENCHI

Agosti 2017 goti likaumia, na miezi ikapita akiwa nje. Aliporudi, nafasi yake ilikuwa imekaliwa na wengine. Februari 2018, kule Anfield, aliingizwa zikiwa zimesalia dakika chache na punde akaupiga mpira kutoka mbali uliopasua wavu wa Liverpool. Mchezo ukaisha 2 kwa 2. Lakini mwili haukuwa tena ule wa zamani.

Mei 2019 alianza katika nusu fainali ya pili dhidi ya Ajax mjini Amsterdam. Kufikia mapumziko Tottenham walikuwa nyuma kwa mabao 2, naye akapumzishwa ili aingie mshambuliaji. Wenzake wakafunga matatu na kuingia fainali. Tarehe 1 Juni mjini Madrid, Tottenham ikifungwa na Liverpool 2 kwa 0, Wanyama alikaa benchi tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo mtu anapopimwa: amevaa sare, yu tayari, na amri ya kuingia haiji.

Hakuwa na muda wa kusononeka. Wiki chache baadaye aliiongoza Harambee Stars kama nahodha katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, Kenya ikiwa imerejea huko baada ya miaka 15. Mashindano hayo hayo tuliwaona Cranes wetu wakivuka hatua ya makundi. Kenya haikuvuka, ingawa iliishinda Tanzania 3 kwa 2. Wanyama aliitwa timu ya taifa mara ya kwanza mwaka 2007, akiwa na miaka 15, na akaitumikia hadi alipostaafu Septemba 2021.

Mwaka 2020 alikwenda Montreal, Kanada, alikokaa hadi mwaka 2024 na kutwaa ubingwa wa Kanada mwaka 2021. Mwaka 2025 alirejea Uskoti kwa kipindi kifupi, Dunfermline, chini ya Neil Lennon, yule yule aliyempokea Celtic akiwa kijana wa miaka 20.

Nchi yetu nayo ina historia ya askari wanamichezo. Simba, timu ya jeshi, ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika mwaka 1972. Vijana wanaochezea timu za vikosi leo hupenda wote kuwa washambuliaji. Kocha anapomwambia mmoja wao asimame katikati na kulinda, asidhani ameteremshwa cheo. Amekabidhiwa lango la kambi.